Kompyuta Mbili, Plaiwudi Moja na Bando Langu

Sina ugomvi na teknolojia, watu wasije wakanisingizia. Ugomvi wangu ni na kompyuta mbili za stesheneri yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Zimetenganishwa na plaiwudi, nyembamba kiasi kwamba nikikohoa huku mbele, mpwa wangu kule nyuma anauliza, "Mjomba, umeniita?" Sasa niambieni, mafaili yanapitaje nje ya nchi kutoka huku kwenda kule?

Ya mbele inapokea wateja. Barua za kuomba kazi, kuskani vyeti, picha za pasipoti, yote hapo. Ya nyuma ina printa kubwa. Zamani tulikuwa tunahamisha kazi kwa flashi, na flashi ya stesheneri mnaijua. Kila mwanachuo anakuja kuchomeka ya kwake, ikifika jioni kompyuta imeshabeba virusi vya vyuo vyote vya jiji hili, mafaili yamegeuka shotikati, unabonyeza ripoti ya mtu haifunguki kitu. Ndipo dogo, huyo mpwa wangu, akaleta programu ya kusinki. Unaweka faili kwenye folda ya KAZI ZA WATEJA huku, linatokea lenyewe kule. Bure kabisa, hata seva haihitaji. Nikamnunulia chipsi mayai.

Bando nililokuwa nanunua likae wiki, likawa linaisha kabla sijazoea kulitumia. Na mafaili yenyewe yanatambaa! Mama mmoja wa Uyole kapigwa picha za pasipoti, kakaa kwenye benchi, kajifunga kitenge upya, picha bado haijavuka plaiwudi.

"Mwanangu, hiyo mashine imelala?"

"Haijalala mama, inasinki."

"Haya, ikiamka uniambie."

Nikafungua programu niangalie kinachoendelea. Imeandika kwamba kompyuta zangu zimeunganishwa kupitia kituo cha kati. Programu hizi zina utaratibu huo: mashine mbili zikishindwa kukutana ana kwa ana, zinatafuta kompyuta nyingine huko intaneti izipokezee mzigo. Picha ya mama wa Uyole ilikuwa inatoka Mwanjelwa, inaenda huko kusikojulikana, halafu inarudi Mwanjelwa. Ni sawa na mtu wa Mafiati anayekuja Mwanjelwa kwa kupitia Tunduma, kule mpakani. Na nauli nalipa mimi, faili likitoka nalipa, likirudi nalipa, maana zote mbili zinatumia ruta moja na bando moja. Dogo eti ananifariji, "Usijali mjomba, mafaili yamefungwa kwa siri, hata hicho kituo hakiwezi kuyasoma." Nani kakwambia nahofia yasomwe? Barua ya kuomba kazi ya udereva isomwe tu, huenda akaajiriwa!

Washauri hawakukosekana. Jirani anayeuza simu alisema zima halafu washa. Huyo hata ukimwambia unaumwa jino atakwambia zima washa. Fundi mmoja alikuja, akachungulia nyuma ya kompyuta, akasema waya umechoka, akadai hela ya kuchungulia.

Aliyenisaidia ni shemeji yangu wa Iringa, kaka yake mama watoto, anajua mambo ya mitandao. Akapiga simu. "Shemeji, fungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, andika ipconfig, unisomee unachokiona. Polepole."

Nikasoma. Jamani, sikujua kwamba naishi na ukoo mzima humo ndani. Kila kadi ya mtandao na namba ya anwani yake. Kuna kadi ya waya, 192.168.1.10. Kuna ya waifai, 192.168.1.14, dogo kaiunganisha na ruta ileile ambayo waya umeshachomekwa. Kuna ya bluetooth, imeandikwa imekatika. Halafu kuna nyingine, 192.168.56.1. Wakati nazitaja kwa sauti, kijana mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akatoa simu yake, akaanza kuandika.

"Kaka, huo mkeka ni wa leo?"

Nikamwambia ni wa kesho, aniache.

"Hiyo ya 56 ndiyo mchawi wako," shemeji akasema. "Ni kadi hewa." Kumbe dogo ana programu yake ya kujifunzia, inaendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta, na programu hiyo huja na kadi yake ya mtandao. Haina tundu, haina waya, huwezi hata kuishika. Ila kwa madaha, hakuna kuliko hiyo! Inaiambia Windows kwamba kasi yake ni gigabiti moja kwa sekunde, yaani megabiti 1,000. Waya wangu halisi, nilionunua kwa pesa halisi, umechomekwa kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ya zamani ya megabiti 100. Windows hupanga kadi kwa namba inayoitwa metriki, mwenye namba ndogo ndiye wa kwanza, na isipoelekezwa huipanga kwa kuangalia kasi. Kadi hewa ikapewa 25, waya 35. Kwa hiyo kompyuta ikitaka kutangaza "mwenzangu uko wapi?", tangazo linatokea kwenye mlango usio na barabara. Inaita weee, hakuna anayesikia, ndiyo inakimbilia kituo cha kati.

Kilichonimaliza ni hiki. Dogo aliweka programu hiyo ya kujifunzia kwenye kompyuta zote mbili, na zote mbili kadi hewa ina 192.168.56.1. Ya mbele ikipewa anwani hiyo iitafute ya nyuma, inajigongea mlango wenyewe, inajiitikia, halafu inashangaa kujikuta. Kwenye kumbukumbu za programu ya kusinki ilikuwa imeandikwa kabisa kwamba imejiunganisha na nafsi yake. Nikamtazama dogo. Dogo akatazama dari.

Na bado. Kompyuta ya nyuma ilikuwa inauhesabu mtandao wa dukani kuwa mtandao wa hadharani, kama wa stendi, kwa hiyo ulinzi wa Windows ulikuwa unamfungia mlango kila anayebisha, hata jirani wa plaiwudi.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Waya tukaupa metriki ndogo kwa mkono. Waifai tukaizima, waya upo ya nini. Kompyuta ya nyuma tukaipa anwani isiyobadilika, 192.168.1.20, na kwenye programu ya mbele tukaiandika hiyo hiyo badala ya kuiacha itafute yenyewe. Mtandao tukauita wa binafsi, programu ikaruhusiwa kupita. Nikaweka picha kwenye folda; sijaondoa mkono kwenye mausi, kule nyuma dogo anapiga kelele, "Imefika!"

Mama wa Uyole akapewa picha zake. Akaziangalia. "Mwanangu, kilemba kimekaa upande. Tupige nyingine."

Shemeji naye hakusahau madai. "Shemeji, hapo ni mchele wa Kyela tu, kilo 10, uweke kwenye basi la Iringa." Nikautuma. Ukijumlisha na nauli ya mzigo, sioni tofauti na bando lililoliwa, lakini sikusema, ndugu wa mke hajadiliwi.

Basi jana mama watoto kapita dukani kwa furaha. Kaona kifaa cha waifai cha USB kinauzwa kwa ofa, akanunua viwili, "ili mtandao wenu uwe na nguvu." Kabla sijafungua mdomo, dogo alikuwa ameshakichomeka kimoja nyuma na kingine mbele, na Windows inamkaribisha mgeni kwa ule mlio wake. Nimetazama bando, linashuka. Shemeji namba yake ninayo. Tatizo ni mchele.