Wapresbiteri wa Mount Pleasant: walitaka waumini, wakapata wanafunzi

Mount Pleasant, mji mdogo katikati ya Utah, Marekani, ulianzishwa mwaka 1859 na Wamormoni, wafuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wengi wao wahamiaji kutoka Denmark na nchi jirani. Mwaka 1875 akafika Duncan McMillan, mhubiri wa Kipresbiteri, dhehebu la Kiprotestanti, mwenye afya mbovu. Wenyeji waliokosana na viongozi wa Kimormoni walikuwa na ukumbi wao, Liberal Hall. Humo akaanzisha shule na ibada. Husimuliwa kwamba aliwahi kuhubiri bastola ikiwa juu ya mimbari, kando ya Biblia. Mimi kisa hicho nakipokea kwa tahadhari, maana wamisionari hawakosi visa vya namna hiyo.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Utah haikuwa na sheria ya shule za umma zisizo na ada hadi mwaka 1890, na Wapresbiteri walifungua shule katika miji mingi ya Kimormoni. Mtoto wa mkulima alipata kusoma.

Lakini shule ile ilikuwa chambo, na hawakuficha. Michango iliombwa makanisani mashariki mwa Marekani kwa kuwasimulia waumini habari za mitara, yaani desturi ya Wamormoni ya kuoa wake wengi, kana kwamba Utah ni nchi ya wapagani. Wamormoni, waliokuwa wakisoma Biblia hiyohiyo, walikuwa na haki ya kukasirika. Ingawa nao hawakuwa wanyonge wa maneno: asiye Mmormoni walimwita mtu wa Mataifa, jina ambalo katika Biblia ni la asiye Myahudi, hata akiwa Myahudi!

Kwa mizani ya waumini, misheni ilishindwa. Watoto walikuja, wakasoma, wakarudi nyumbani Wamormoni vilevile. Naona iliacha alama kwingine. Wamormoni hawakutaka watoto wao walelewe na walimu wa dhehebu jingine, wakaimarisha shule zao: mwaka huohuo wa 1875 Brigham Young, kiongozi wao mkuu, alianzisha akademia mjini Provo, na mwaka 1888 ikafunguliwa nyingine Ephraim, katika bonde la Sanpete ulipo pia Mount Pleasant, ambayo leo ni Chuo cha Snow. Si haki kumpa McMillan sifa yote, kwani Wamormoni walithamini elimu kabla hajafika. Ila ushindani uliwaharakisha.

Shule yake, Wasatch Academy, bado ipo Mount Pleasant na hupokea wanafunzi wa bweni kutoka nchi nyingi. Haiendeshwi tena na kanisa.