Ukarabati wa kwenye runinga: kazi ni ya kweli, hesabu ndiyo tatizo

Siku hizi mteja wa ukarabati hapa Mtwara haji na mchoro, anakuja na simu. Anafungua video: jiko chakavu lenye makabati yaliyolegea, mara ukuta unavunjwa kwa nyundo, mara kila kitu ni cheupe na kinang'aa, mwenye nyumba anabubujikwa machozi ya furaha. "Nataka hivi," anasema, halafu anauliza kama wiki sita zitatosha. Kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi, kwa hiyo suala la ukweli wa vipindi hivi silichukulii kama burudani. Mtu anaweza kuuza shamba la mikorosho kwa sababu ya alichokiona mle.

Wapo wanaosema yote ni maigizo. Wapo pia vijana, hasa wanaotafuta pa kuweka fedha za korosho, wanaoviona vipindi hivi kama darasa la biashara: nunua nyumba iliyochoka Magomeni au Chikongola hapa Mtwara mjini, piga rangi, weka jipsamu na vigae, uza, hesabu faida. Kila upande una hoja, lakini hoja hizo hazilingani uzito. Kazi inayoonyeshwa pale kwa sehemu kubwa inafanyika kweli. Hesabu zinazoambatana nayo ndizo siziamini.

Wanaoshuku wana ushahidi mkononi. Katika kipindi cha House Hunters cha HGTV, kituo cha runinga cha Marekani, familia hutembezwa kwenye nyumba tatu kisha ikachagua moja. Mwaka 2012 mshiriki mmoja wa Texas alieleza kwamba hawakukubaliwa kushiriki mpaka walipokuwa wameshainunua nyumba yao, na kwamba zile nyingine mbili hazikuwa zinauzwa kabisa. Zilikuwa za marafiki zao. Fixer Upper, kipindi cha Chip na Joanna Gaines kilichorekodiwa Waco kuanzia 2013, nacho kilikuwa na utaratibu unaofanana: mshiriki alitakiwa awe tayari ana mkataba wa nyumba, na samani nzuri zilizojaza sebule siku ya makabidhiano ziliondolewa baadaye, isipokuwa zile alizozilipia. Mwaka 2016, huko North Carolina, wenye nyumba walioshiriki kipindi kingine cha ukarabati, Love It or List It, waliishtaki kampuni ya utengenezaji wakidai kazi ilikuwa mbovu na fedha walizotoa hazikutumika zote kwenye nyumba yao. Kampuni ilikanusha. Na mwaka 2007 mmoja wa waendeshaji wa Flip This House, kipindi cha kununua nyumba, kuikarabati na kuiuza, huko Atlanta, alituhumiwa kuonyesha mauzo ambayo hayakuwahi kufanyika.

Mambo hayo yanaudhi, lakini kwa mtu wa Mtwara au Lindi hayana madhara makubwa. Familia ya Texas ikijifanya inachagua nyumba, wewe hupungukiwi kitu. Madhara yapo kwenye muda, vifaa na fedha, maana huko ndiko tunakoiga.

Chukua muda. Extreme Makeover: Home Edition, iliyorushwa na ABC kuanzia 2003 hadi 2012, ilijenga nyumba nzima kwa siku 7. Ilikuwa kweli. Lakini nyuma ya siku hizo 7 kulikuwa na mamia ya watu wakipokezana usiku na mchana, wengi wakijitolea, na vifaa vingi vilivyotolewa bure na makampuni. Tena nyumba nyingi za Marekani hujengwa kwa fremu ya mbao na mbao za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo unaweza kuushusha asubuhi na kusimamisha mwingine jioni. Huku kwetu ukuta ni tofali la saruji, na mara nyingi ndio umebeba kenchi za paa. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alianza kuvunja ukuta wa kati ili sebule na jiko viwe chumba kimoja kama alivyoona kwenye video. Hapakuwa na lenta, yaani boriti ya juu ya uwazi, wala nguzo ya kuupokea ule mzigo, na kenchi zilianza kulala upande mmoja. Kumwaga boriti ya zege pale ni kazi ya siku moja, lakini zege hupimwa nguvu yake ya usanifu, ile iliyokusudiwa kubeba mzigo, baada ya siku 28, na lipu mpya nayo inahitaji wiki kadhaa ikauke kabla ya rangi. Hakuna kamera inayoweza kuharakisha hilo.

Halafu kuna chumvi. Kwa anayeishi pwani ya kusini, hili pekee linatosha kuonyesha kile ambacho runinga haiwezi kukuonyesha. Nenda kwenye nyumba iliyojengwa kwa mchanga uliochotwa karibu na bahari, bila karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Kiasi cha futi mbili kutoka sakafuni utakuta rangi imevimba kama malengelenge. Ukiibandua kwa kucha inatoka na unga mweupe, na nyuma yake lipu inamomonyoka kama sukari guru. Fundi wa haraka atakwangua, atapiga skimu, atapaka rangi mbili, na kwa picha ya siku ile ukuta utapendeza sana. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kufikia Machi malengelenge yamerudi palepale. Tiba yake ni kubandua lipu yote, kushughulikia unyevu kutoka chini na kupiga upya kwa mchanga safi wa mto au uliooshwa, kazi chafu, ya gharama, na isiyopendeza kwenye video. Kipindi cha ukarabati kinafungwa siku ya makabidhiano. Nyumba yako inapimwa kwenye mvua ya kwanza.

Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, suala hili ni zito zaidi. Zile nyumba kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zinazopumua. Ukizipiga lipu ya saruji ili zionekane mpya, unyevu unafungiwa ndani na lipu inaanza kuachia vipande vipande, wakati mwingine na jiwe lenyewe. Boma la Mjerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa miaka ya 1990 na shirika la Trade Aid kutoka Uingereza na kufanywa hoteli. Jengo la umri ule haliwezi kuendeshwa kwa mwendo wa wiki sita. Naona uchungu ninapoona mtu anang'oa mlango wa mbao uliochongwa ili aweke wa alumini.

Hata hivyo nakataa kusema vipindi hivi havina faida. Ile sehemu wanapofungua ukuta na kukuta bomba linavuja au mbao zimeliwa na mchwa, wakati mwingine inatiwa chumvi ya uigizaji, lakini tukio lenyewe ni la kila siku. Nyumba chakavu daima ina jambo ililolificha, na ndiyo maana kwenye makadirio yangu huweka fungu la dharura, asilimia 10 hadi 20 ya kazi yote. Zamani wateja waliliona fungu hilo kama mwanya wa wizi. Sasa wengi wanalielewa, na nadhani wamelielewa kwa kutazama. Wamejifunza pia kudai mpango kabla ya nyundo, kuuliza swichi itakaa wapi kabla lipu haijapigwa, kutaka vigae vikatwe vizuri pembeni. Mafundi vijana wa hapa wamejifunza mbinu za kupanga vigae na kumalizia jipsamu kwa kutazama video za watu wa mbali, na kazi zao zinaonekana.

Na si vipindi vyote vinakimbia. This Old House ya Marekani, iliyoanza 1979, hufuata nyumba moja kwa vipindi vingi mfululizo na kumpa fundi nafasi ya kueleza kazi yake. Grand Designs ya Channel 4 ya Uingereza, tangu 1999, hufuata ujenzi hata kwa miaka, bajeti inapasuka, mume na mke wanagombana, fedha zinaisha paa likiwa bado. Hicho mtu wa Mtwara anakitambua mara moja. Hivyo ndivyo tunavyojenga: msingi msimu huu, boma msimu ujao, bati korosho zikilipwa, vigae Mungu akijalia.

Sasa hesabu ya kununua, kukarabati na kuuza. Wanaofanya biashara hiyo Marekani wana kanuni yao: chukua asilimia 70 ya bei utakayouzia, toa gharama za ukarabati, kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha kununulia. Tuseme nyumba ya Mtwara mjini utaiuza milioni 60. Asilimia 70 ni milioni 42. Ukarabati ni milioni 15. Basi usinunue zaidi ya milioni 27. Ile milioni 18 iliyobaki si faida yote. Ndani yake kuna dalali, mwanasheria, ushuru wa stempu wa asilimia 1 uliponunua, kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, mlinzi, umeme, na riba kama ulikopa. Vipindi vingi hupenda kukuonyesha bei ya kununua, gharama ya ukarabati na bei ya kuuza, na hayo mengine yanapita haraka au hayapiti kabisa. Tena Tarek na Christina El Moussa wa Flip or Flop, kipindi kingine cha kununua, kukarabati na kuuza nyumba, walikuwa wenyewe mawakala wa nyumba wenye leseni. Kamisheni ambayo wewe ungeilipa, wao wangeweza kubaki nayo.

Nani wa mitaa ya Ligula au Shangani hapa Mtwara atakuuzia kwa milioni 27 nyumba anayoamini kiwanja chake peke yake kinafika hapo? Na akikubali, je, ni yake? Nyumba nyingi za kuuza ni za urithi. Warithi wako Newala, Masasi, Dar es Salaam, na mmoja hajatia saini. Nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenza. Runinga haina kipindi cha kumsubiri shemeji.

Hata wenye mitaji mikubwa biashara hii imewashinda. Zillow, kampuni kubwa ya mtandaoni ya nyumba ya Marekani, yenye takwimu za bei ambazo sisi hatuwezi hata kuziota, ilijaribu kununua nyumba, kuzirekebisha kidogo na kuziuza. Novemba 2021 ilitangaza kuachana na biashara hiyo baada ya hasara ya mamia ya mamilioni ya dola, na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi wake.

Sisi hapa tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Wakati wa joto la gesi, kuelekea 2013, wengi walikarabati nyumba wakingoja wapangaji wa makampuni ya gesi. Bei ya mafuta duniani ikaanguka 2014, bomba la gesi kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka uliofuata, wageni wakapungua, na nyumba zenye viyoyozi zikakaa tupu. Lindi nako viwanja vya upande wa Likong'o vimepewa thamani ya mradi wa gesi asilia unaotajwa kwa zaidi ya miaka 10. Soko linalosimama juu ya mguu mmoja namna hii si la kuingia na fedha yote ya familia kwa matarajio ya kuuza ndani ya miezi mitatu.

Ndiyo maana mteja mwenye fedha za msimu huwa namvuta kwenye kupangisha. Kodi huku hulipwa miezi sita au mwaka kwa pamoja, na vyumba vya wanafunzi karibu na Chuo cha Stella Maris vina watu wa kuvitafuta. Paa lisilovuja, choo cha ndani, maji ya uhakika na ukuta uliotibiwa chumvi vitamwingizia mwenye nyumba fedha mwaka huuhuu, na nyumba inabaki mikononi mwake. Jipsamu yenye taa inaweza kusubiri mnada mwingine wa korosho.