Kwa kuwa uko Ulaya

Shangazi yangu wa Muheza akipata habari kwenye simu haiamini mpaka anitumie mimi. Shikamoo yangu haijakaa sawa, keshauliza: "Mwanangu, wewe uko huko Ulaya, hii ni kweli?" Kwake yeye, Birmingham uongo haupiti forodhani.

Laiti angekuwepo huku Uingereza Aprili 2020. Watu wazima waliosoma bure tangu utoto walikuwa wakichoma moto minara ya simu, eti 5G inaleta korona. Mnara mmoja ulikuwa ukihudumia hospitali ya muda ya Nightingale, hapa hapa Birmingham. Mwenzangu wa zamu ya usiku alinionyesha video ya mambo hayo kwa kunong'ona, kama anayeuza magendo.

Kwa hiyo sikubali kwamba Waswahili ndio wepesi wa kudanganyika. Ila yule mwenzangu alikuwa na pa kuhakikisha: serikali ilisoma takwimu kwenye runinga, waandishi wakaibana maswali. Akakataa kusikiliza, shauri yake. Tanzania hesabu ilisimama mapema Mei 2020 kwenye wagonjwa 509, basi. Shangazi angehakikisha wapi? Alibaki na sauti za WhatsApp, sufuria ya kujifukizia, na mimi.

Na pa kuhakikisha tulikuwa tumeshaanza kupata. Mpiga picha Michuzi alipofungua blogu yake 2005, sisi wa nje tuliamkia pale: misiba, harusi, picha za mtaani. Jina la marehemu likikosewa, wanaomjua hawakukawia kusahihisha. Zikaja kanuni za serikali za 2018 kwa wenye blogu: maombi shilingi laki moja, leseni milioni moja, ada ya mwaka milioni nyingine. Kijana wa Songea anayeandika bei ya mahindi azitoe wapi? Baadhi wakafunga. Aliyerekodi sauti bila jina na kuirusha kwenye makundi hakudaiwa hata senti.

Juzi shangazi kauliza kama kitunguu saumu kinatibu presha. Nikamjibu, sijui shangazi, endelea na vidonge vyako, muulize daktari. Kimya. Baada ya dakika kumi naona kwenye kundi la ukoo: "Mtoto wa kaka aliyeko Ulaya kasema wenye presha waache vitunguu saumu." Chini yake, vidole gumba kumi na vinne.