Printa Iliyogoma Usiku wa Matanga

Hapa kwetu Busia, upande wa Uganda, mtu akifariki watu hutafuta turubai, kisha sufuria, kisha programu ya mazishi. Zamani tulizika bila programu na hakuna marehemu aliyerudi kulalamika. Siku hizi msiba usipokuwa na kijitabu cha rangi, picha ya mzee juu na ratiba ndani, majirani watasema familia imemtupa mtu wao. Sina ugomvi na desturi hiyo. Nina steshenari karibu na barabara ya mpakani: nachapa, nafotokopi, napiga picha za pasipoti, naandika barua za kuomba kazi. Harusi huja kwa msimu na wateja wa harusi huomba punguzo. Misiba ndiyo inayonilipia kodi ya duka.

Ijumaa moja jioni akaja mjukuu wa marehemu, kijana wa Kampala mwenye viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na tope letu, akiwa na mdogo wa marehemu, mzee aliyestaafu forodha. Mtu wa forodha hustaafu mwili tu, macho yanabaki kazini. Kabla hata ya kusalimia alishahesabu ni rimu ngapi za karatasi zilizo kwenye rafu.

Programu alikuwa ameibuni kijana mwenyewe, iko kwenye flashi. Zinatakiwa nakala 300, maziko Jumamosi saa 8 mchana. Nikafungua faili. Marehemu kavaa suti, anatabasamu, nyuma yake mawingu meupe na njiwa wawili. Mzee akavaa miwani akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hapa mbinguni pameandikwa nini?"

Kweli bwana. Mawingu yote yalikuwa yamepitiwa mshazari na herufi za kijivu, jina la kampuni ya ng'ambo inayouza picha, limejirudia toka kona hadi kona. Kijana aliyachota mtandaoni bila kulipia, na wenye picha huweka jina lao juu yake mpaka ulipe.

"Ni wenye mawingu, babu," kijana akasema.

"Mawingu yana wenyewe?"

"Picha ya mawingu, babu."

"Sasa mbona jina lao limepita kifuani pa kaka yangu? Watu watadhani ndio waliotoa jeneza."

Nikaingilia kwa adabu, nikamweleza kwamba hata sisi tuna sheria ya hakimiliki, ya mwaka 2006, na kwamba mtunzi wa kitabu au wimbo analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Mzee akavua miwani. "Mtunzi anakufa, analindwa miaka 50. Kaka yangu kafa juzi, na mawingu ya siku moja tu ananyimwa."

Sikuwa na jibu. Nikatoka nje na simu, nikapiga picha ya anga ya Busia wakati jua linazama, tukaiweka nyuma ya marehemu. Upande wa kulia ulibaki waya wa umeme na kunguru mmoja. Njiwa hatukuwa nao. Mzee akairidhia akisema kaka yake alikuwa mtu wa hapa, na kunguru anamjua.

Tukaanza kuchapa. Kwa muda printa ilitafuna karatasi vizuri, kijana anakunja, mzee anahesabu kwa sauti. Alipofika 140, printa ikakohoa, ikanyamaza, taa mbili nyekundu zikaanza kupokezana. Kwenye kompyuta likatokea tangazo: sehemu fulani ndani ya printa imefika mwisho wa maisha yake, wasiliana na kituo cha huduma kilichoidhinishwa.

"Nayo imefariki?" mzee akauliza. Halafu, kwa mazoea ya wiki hiyo, akanishika mkono: "Pole sana."

Kwa asiyeijua mashine hii: printa nyingi za wino zinapojisafisha midomo, hutema wino kidogo, na wino huo unanywewa na sifongo iliyolazwa chini. Sifongo ikijaa kweli, wino utamwagika mezani, kwa hiyo tahadhari si mbaya. Lakini printa yangu haiichungulii sifongo hata kidogo. Inahesabu tu. Kila ikitema, inaandika moyoni, na ikifika hesabu ambayo mtengenezaji ameipanga, inagoma. Kituo kilichoidhinishwa kiko Kampala, kilomita karibu 200, na hufunguliwa Jumatatu. Marehemu alikuwa na miadi ya Jumamosi.

"Sifongo ikijaa inakamuliwa," mzee akasema. "Leta bisibisi."

Nikaifungua. Sifongo ikatoka, nyeusi upande mmoja, na upande wa pili bado nyeupe kabisa, mikono yangu ikawa ya bluu mpaka kwenye viwiko. Hata hivyo tuliiosha, tukaipeleka kwa mama anayekaanga chapati jirani, tukaitundika juu ya sigiri yake ikauke. Mteja wake mmoja aliyekuwa akisubiri rolex, yaani chapati ya kuviringishwa na mayai, aliitazama kwa muda mrefu, akauliza hiyo ni nyama gani, na akasema yake iwe ya mayai matupu.

Sifongo haikauki haraka. Tukakaa kwenye benchi nje ya duka, na hapo akajiunga nasi mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliyeona taa usiku akaja kujua kuna nini. Mimi nikashikwa na hasira za kisomi. Huwa nasoma mambo haya, maana mtu anayeishi kwa printa lazima awajue adui zake.

Nikawasimulia kwamba mwaka 1998 Marekani walitunga sheria iitwayo kwa kifupi DMCA, iliyokataza kuvunja kufuli za kidijitali zinazolinda kazi zenye hakimiliki. Watu walidhani ni mambo ya filamu na nyimbo. Kumbe kila chombo chenye programu ya kompyuta ndani yake kinaweza kutiwa kufuli, na kufuli hiyo ikajificha nyuma ya hakimiliki. Kampuni ya printa ya Lexmark iliweka chipu kwenye katriji zake, vile vikasha vya wino. Kampuni nyingine, Static Control, ikatengeneza chipu za kuzifanya katriji za watu wengine zikubalike. Lexmark ikaenda mahakamani mwaka 2002 ikidai hakimiliki yake imevunjwa. Mahakama ya rufaa ikaikatalia mwaka 2004. Lexmark ikaja tena kwa njia ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, dhidi ya kampuni nyingine, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ikasema: ukishauza katriji umeiuza, huwezi kuishikilia kwa hataza.

"Kwa hiyo watu walishinda," akasema mwenyekiti.

"Walishinda."

"Mbona taa bado ni nyekundu?"

Hapo ndipo penye utamu. Mahakama ilimzuia mwenye kiwanda kumshtaki mtu. Haikumzuia kutia kufuli. Kufuli haimhitaji wakili, inafanya kazi usiku kucha na haikati rufaa.

Mzee wa forodha hakuvutiwa sana na katriji. Alizinduka nilipofika kwenye matrekta. Nikamwambia mwaka 2015 kampuni ya John Deere iliiandikia ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwamba mnunuzi wa trekta, kwa ile programu iliyo ndani yake, amepata ruhusa tu ya kuitumia kwa muda wote wa uhai wa trekta.

"Trekta!" Akasimama. "Mtu amenunua trekta, limezimika shambani, mvua inakuja, anaambiwa asubiri mwenye programu?"

"Mwaka huohuo serikali yao iliruhusu wakulima kufungua hizo kufuli ili watengeneze, lakini hoja ndiyo hiyo, mzee. Unalipa wewe, kinakaa kwako, kikiharibika hasara yako, lakini si chako." Nami nikapandwa na mori, nikagonga benchi. "Hii printa yangu mnaiona? Si yangu! Nimeilipia shilingi zote, lakini mimi ni mlinzi wake tu. Mwenyewe yuko ng'ambo, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ndiye anayeamua mzee wetu azikwe na programu ngapi. Sitaki mtu aniambie tena kwamba hii mashine ni yangu!"

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni. Mama wa chapati akasema, "Kweli kabisa." Mzee hakusema kitu. Alinitazama tu, kwa yale macho ya forodha.

Sifongo ikakauka, tukairudisha, tukawasha. Taa nyekundu.

"Kumbe haina macho," mzee akasema. "Ina daftari tu. Niliwahi kuwa na bosi wa hivyo. Lori halitazami, anatazama karatasi."

Ilibaki njia ya mafundi. Kuna programu ndogo inayoifuta ile hesabu ya printa ikaanza upya. Mafundi wanaiita riseta, na haitoki kwa mwenye kiwanda. Nikampigia fundi mmoja wa Nasser Road, Kampala, mtaa ambao ukikosa kitu cha uchapaji basi hakijavumbuliwa. Akaniambia maelezo yote yako kwenye kundi lao la Facebook. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, kwa hiyo nikawasha VPN, programu inayoufanya mtandao udhani uko nchi nyingine, nayo ikanipeleka Uholanzi. Kila nilichofungua baada ya hapo kilikuja kwa Kiholanzi na bei kwa euro, pamoja na tangazo la baiskeli. Data nayo ikawa inayeyuka. Tulikuwa tukilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa ajili ya mitandao ya kijamii, tangu Julai 2018. Julai 2021 serikali ikaitoa, ikaweka asilimia 12 kwenye data yenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nalipa kodi Kampala kwa kuzurura Amsterdam.

Mwishowe fundi akanihurumia, akanitumia riseta kwa WhatsApp, shilingi 35,000 kwa pesa ya simu, na ufunguo wake. Nikaifungua kwenye kompyuta ya duka, nikaandika ufunguo, ukakubaliwa, na papo hapo kinga ya virusi ikaitafuna riseta nzima ikasema imeniokoa. Kijana akatoa kompyuta yake ya mkononi. Tukaiweka riseta upya. Ikaleta onyo la herufi kubwa: programu hii inalindwa, kuinakili ni wizi, na ufunguo huu umeshatumika kwenye kompyuta nyingine.

Nikampigia fundi. Ilikuwa usiku wa manane.

"Fundi, nimeinunua sasa hivi."

"Hukuinunua, mkubwa. Umenunua ruhusa ya kuitumia kwenye kompyuta moja."

"Lakini hii ni programu ya kuvunja kufuli ya watu!"

"Ndiyo, na kuivunja imetuchukua muda. Ni ubunifu. Sasa mkianza kugawana bure, sisi wabunifu tutakula nini? Hakuna atakayevunja tena."

Nikamweka kwenye spika ili mzee asikie. Mzee akamuuliza kama wao waliomba ruhusa kwa mwenye printa. Fundi akajibu kwa heshima kubwa kwamba hilo ni suala tofauti. Aliposikia ni la msiba, akatoa rambirambi, akatuuzia ufunguo wa pili kwa shilingi 20,000, bei ya matanga.

Hesabu ikafutwa. Taa ikawa ya kijani, sifongo ileile, wino uleule, mashine ileile iliyokuwa imefika mwisho wa maisha yake ikafufuka ikachapa 160 zilizobaki bila kukohoa. Alfajiri kijana alikuwa amelala juu ya viatu vyake vyeupe, navyo vimepata rangi tatu.

Maziko yalikwenda vizuri. Askofu alisifu programu. Watu kadhaa waliuliza yule kunguru anamaanisha nini, na mwinjilisti mmoja alipata mahubiri mazima hapohapo.

Jioni, baada ya chakula, nikamkabidhi mzee bili chini ya turubai. Akavaa miwani, akaipitia mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole.

"Nakala 300, sawa. Karatasi, sawa. Wino, sawa. Hapa umeandika 'kufungua printa, 55,000'. Hii ni nini?"

"Zile funguo mbili, mzee. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Printa ya nani?"

"Yangu, mzee."

Akavua miwani, akamwita mwenyekiti wa LC1 aliyekuwa na mfupa mkononi. "Mwenyekiti, jana usiku huyu kijana alisema nini kuhusu ile mashine?"

"Alisema si yake," mwenyekiti akajibu, "na akakataza mtu asimwambie kuwa ni yake. Aligonga benchi."

"Mama wa chapati naye alisikia," mzee akasema, huku akikata ule mstari kwa kalamu nyekundu aliyoitoa mfukoni, sijui toka mwaka gani. "Sisi hatudhulumu mtu. Za karatasi na wino hizi hapa, chukua. Hizo za kufungua tutamlipa mwenye mashine mwenyewe akija."

"Na akija," mwenyekiti akaongeza, akirudi kwenye mfupa wake, "apitie kwangu kwanza, na barua ya LC ya huko kwao alikotoka."