Picha mbili za sebuleni

Sebuleni kwetu Adelaide, Australia, kuna picha mbili, lakini mgeni akiingia mama humwonyesha moja tu. Yumo ndani ya kitenge, mkono mmoja cheti cha uraia, mwingine mche wa mkaratusi aliopewa na halmashauri. Ilipigwa tarehe 26 Januari, siku ya taifa huku.

Ya pili niliitundika mimi, naye hajaipenda hadi leo. Ni ya usajili wa wakimbizi, kambini Nyarugusu, Tanzania: tumebanana sita mbele ya turubai, mdogo wangu ameshika kibao chenye namba ya familia. Hakuna anayecheka. Nani acheke, na foleni tumeipanga tangu alfajiri?

Kibao kile nilikuja kukikumbuka huku. Mwaka 1938 na 1939, Norman Tindale wa makumbusho ya South Australia na Mmarekani Joseph Birdsell walizunguka kwenye misheni na vituo walikowekwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wakiwapiga picha uso, kisha ubavu, kila mtu na namba yake. Leo wajukuu huzitafuta picha hizo. Kwa wengine ndiyo sura pekee ya bibi waliyobakiwa nayo, maana serikali iliwapokonya wazazi watoto wengi mno, jambo ambalo waziri mkuu Kevin Rudd aliliombea radhi bungeni mwaka 2008.

Na mwaka huohuo wa 1938, Waaborijini walikusanyika Sydney wakaitangaza 26 Januari kuwa siku ya maombolezo. Ndiyo tarehe Waingereza walipopandisha bendera yao pale, 1788, kana kwamba nchi haina wenyewe. Mahakama Kuu ilikuja kuukana uongo huo 1992, katika kesi ya Eddie Mabo. Kwa hiyo ofisa aliyetukaribisha siku ile ya cheti, na tai yake nzuri, naye alikuwa mgeni. Ardhi hii ya Adelaide ni ya Wakaurna, wenyeji wake wa asili.

Simwambii mama aishushe picha yake. Miaka ya hema inatosha. Ila wenzangu wanaosema "hayo hayatuhusu, sisi hatukumnyang'anya mtu" wananishangaza. Watu wa Fizi sisi, tuliokimbia Kongo! Hatujui uchungu wa kusikia kuna mtu analima shamba la baba yako?

Mama alipopokea ule mche alinong'ona, "Si ndio huu wa Kasulu, kule kambini, unaokausha visima?" Nikamwambia asili yake ni huku, kule ulipelekwa tu.

Akaugeuzageuza. "Kumbe hapa ndio kwao."