Kosa la Kuoa Mwanamke Mwenye Kazi

Barua imefika. Ina kurasa mbili, na ukurasa wa pili wote ni wa kunitakia kila la heri, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuomba chochote serikalini anajua maana yake kabla hajausoma ukurasa wa kwanza. Ombi langu la msaada kwa wasio na ajira limekataliwa kwa sababu mwenza wangu ana kipato kinachozidi kiwango kinachoruhusiwa kwa kaya yetu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa heshima zote zinazostahili barua yenye mhuri, kisha nikakaa.

Wenzangu mliopunguzwa kazini hamhitaji kuelezwa kwamba mafao haya yako ya namna mbili, lakini nitasema kwa ajili ya wale ambao bado wanaamini mwajiri wao anawapenda. Ya kwanza ni yale ya michango, iliyolipwa na wewe au na mwajiri wako ukiwa kazini, na hayo ni mafao ya kiungwana kwa sababu hayaulizi umeoa nani. Uingereza huyatoa kwa siku 182, majimbo mengi ya Marekani kwa wiki zisizozidi 26, na Ujerumani hulipa asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, au 67 kwa mwenye mtoto, kwa mwaka mmoja hivi na zaidi kwa wenye umri mkubwa. Huko kote mkeo anaweza kuwa gavana wa benki kuu na fedha zako ukazipata, maana zilishalipiwa. Tatizo ni kwamba zina mwisho, na mwisho wangu ulipita nikiwa bado naandika barua za kuomba kazi. Baada ya hapo unahamishiwa kwenye mafao ya namna ya pili, yale ya kupima kipato, na hapo ndipo serikali, ambayo haikuchangia hata kiti kimoja kwenye harusi yako, huanza kuithamini ndoa yako kuliko wewe mwenyewe.

Siku ya kuomba nilikwenda dirishani, kwenye ofisi ya mafao, nikiwa nimevaa koti. Kijana aliyekuwa nyuma ya kioo alikuwa na adabu, na hilo nalisema wazi, kwa sababu hasira yangu si juu yake, ingawa kuna nyakati ilimpitia karibu sana. Kalamu ya pale imefungwa kwa kamba fupi iliyokatwa kwa hesabu ambayo haikuwa ya bahati mbaya, kiasi kwamba kila mwenye shida analazimika kuinama kidogo anapotia sahihi.

“Mzee wangu, umeoa?”

“Nimeoa, namshukuru Mungu.”

“Mke anafanya kazi?”

“Anafanya.”

Akaiweka kalamu yake chini, ile isiyo na kamba, akanitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kulifunga jalada. “Basi shemeji ndiye mafao yako.”

Shemeji! Dakika moja tu tangu nifike dirishani, tayari tumeshakuwa ndugu, na ndugu mwenyewe ameingia kwenye ukoo kwa ajili ya kunikatalia. Nikamweleza kwa upole kwamba aliyepoteza kazi ni mimi, na kwamba jina lililokuwa kwenye barua ya kupunguzwa lilikuwa moja. Akanijibu kwamba mwombaji ni mimi lakini anayepimwa ni kaya. Akaanza kuuliza kama tunaishi nyumba moja, kama tunapika jiko moja, nani analipa umeme, nani analipa kodi ya nyumba, kama tuna akaunti ya pamoja. Nilijibu yote kwa ukamilifu mpaka tulipofika kwenye kisanduku kilichouliza mwenza wangu hunipa kiasi gani kwa mwezi.

“Andika kwamba hunipa kadiri atakavyoona inafaa,” nikasema.

“Mfumo unataka tarakimu, mzee.”

“Basi andika sifuri.”

“Nikiandika sifuri, mfumo utauliza unaishije.”

“Hata mimi nataka kujua, mwanangu. Ukijibiwa, uniambie.”

Akanifafanulia kwamba sheria huchukulia kuwa wanandoa wanachangiana kipato, iwe wanachangiana kweli au la. Nikamwomba sheria imwendee mke wangu imwambie hivyo, kwa sababu katika nyumba yetu, tangu siku ya kwanza, mshahara wangu ulikuwa wetu na mshahara wake ulikuwa wake. Huo ndio mkataba. Haukuandikwa, haukusajiliwa, na hauna rufaa. Siku nilipokosa kazi, kilichopungua ni kile chetu, na kile chake kikabaki palepale kikiwa na mwenyewe. Kijana akatikisa kichwa, akasogea karibu na kioo, akashusha sauti.

“Mngekuwa mmetengana, ungepata.”

“Unanishauri nimwache mke?”

“Hapana, mzee. Mimi siruhusiwi kushauri. Nafafanua kanuni.”

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema kwa sauti ya kuchoka, “Si umwache basi, na sisi tuhudumiwe.”

Nikaagizwa nikalete slipu ya mshahara ya mwenza. Sitaeleza mazungumzo ya nyumbani usiku ule. Nitasema tu kwamba asubuhi nilikabidhiwa bahasha iliyobandikwa gundi, juu ya gundi ikapigwa mkanda, na juu ya mkanda akatia sahihi yake, kisha nikaambiwa, “Baba watoto, wape wao.” Nikaipeleka ikiwa nzima. Kijana akaifungua mbele ya macho yangu, akasoma, akainua nyusi, akaingiza tarakimu kwenye kompyuta, akairudisha slipu ndani na kuifunga bahasha upya. Kwa hiyo leo mshahara wa mke wangu unajulikana na yule kijana, unajulikana na kompyuta yake, unajulikana na msimamizi aliyetia mhuri, na mtu pekee asiyeujua katika mlolongo huo wote ni mimi, niliyenyimwa msaada kwa sababu nautumia.

Jirani yangu anasema nina bahati kwa kuwa mke wangu ana kazi. Amelisema hilo huku akinidai.

Msidhani jambo hili ni uvumbuzi wa jana. Uingereza walilifanya kwa ukali mwaka 1931, walipoanza kupima kipato cha kila aliyelala chini ya paa moja, na si mke na mume peke yao, hata mtoto wa kiume au wa kike aliyepata kibarua alihesabiwa kuwa mlezi wa baba yake asiye na kazi. Vijana wengine wakahama kwao kwenda kupanga vyumba ili wazazi wasikatwe. Ripoti ya Beveridge ya mwaka 1942, iliyochora mpango wa hifadhi ya jamii wa huko, ikaja kusema kwamba mafao ya bima yalipwe kama haki, bila kumpima mtu kipato, na watu wakaipokea kwa shangwe, lakini kipimo chenyewe hakikufa, kikahamia tu kwenye msaada wa wale ambao bima haiwafikii. Wala msijidanganye kwamba dawa ni kuishi pamoja bila ndoa, maana Ujerumani wakikuta mmekaa pamoja zaidi ya mwaka mmoja huchukulia kwamba mko tayari kubebana, na kazi ya kuthibitisha kwamba hambebani ni yenu.

Kinachoniudhi, na hapa naomba radhi kwa kupandisha sauti, ni kwamba umoja wetu unatambuliwa upande mmoja tu! Ikifika saa ya kukataa, mimi na mke wangu ni mwili mmoja. Ikifika saa ya kuulizwa kwa nini sijapata kazi, mwili ule unagawanyika na anayeitwa ni mimi peke yangu, nikiwa na orodha ya mahali nilikopeleka maombi, huku mwili wa pili uko kazini ukiongeza kipato kinachonihukumu. Angalau wangetuita wote wawili, tukakemewa kama kaya.

Mke wangu, ambaye hesabu zake ni kali kuliko za kijana yule, ameuliza itakuwaje akipunguza saa za kazi. Nikamweleza ya Uingereza, ambako msaada wa watu wawili hupungua kwa peni 55 kwa kila pauni moja ya mshahara inayoingia nyumbani baada ya makato, ingawa kaya zenye watoto au mgonjwa huachiwa kiasi fulani kwanza kabla ya kukatwa. Akanyamaza akihesabu, kisha akasema kwamba kumbe mtu anaweza kuamka alfajiri, akapanda gari, akafanya kazi kutwa, na zaidi ya nusu ya jasho lake likaenda kuziba pengo la msaada ambao angeupata akiwa amelala. Kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, nami nikajikuta nakumbuka shughuli fulani nje.

Na hata mwezi walioutumia kunipimia haukuwa mwezi wa haki. Ulikuwa mwezi aliolipwa malimbikizo, ndiyo maana kijana aliinua nyusi. Hili nalo si geni: mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwapa ushindi akina mama wanne waliokuwa wakionekana wamepata mishahara miwili katika mwezi mmoja wa hesabu, kwa sababu tu siku ya mshahara ilisogea kukwepa wikiendi au sikukuu. Nimeamua nami nikate rufaa. Fomu nimeichukua. Inataka sahihi za wanandoa wote wawili, zitiwe mbele ya afisa, na ofisi hufungwa kabla mke wangu hajatoka kazini. Ili afike itabidi aombe ruhusa bila malipo, na ruhusa bila malipo itashusha kipato cha kaya, na kipato kikishuka tunatakiwa kutoa taarifa kwa fomu ya mabadiliko ya hali, ambayo nayo, nimeigeuza na kuiangalia nyuma, ina nafasi mbili za sahihi.