Pauni ya Mjomba na Gilasi ya Futari

Mjomba alitaka kuuza pauni yake ya dhahabu ya 1911, yenye kichwa cha Mfalme George V, na mnunuzi akataka uhakika. Nikampimia sebuleni, jioni ya Ramadhani, Magharibi inakaribia.

Pauni mpya ina gramu 7.988 na upana wa milimita 22.05. Hii ilisoma 7.97, si haba kwa pesa iliyozunguka. Lakini uzito peke yake hautoshi. Unaweka gilasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, unairudisha sifuri, kisha unaning'iniza pauni majini kwa uzi. Isiguse chini, la sivyo mizani itasoma uzito wote. Karati 22 ikiwa ya kweli, itasoma kama 0.45, gawa 7.97 kwa 0.45, unapata 17.7, yaani ni nzito mara 17.7 kuliko maji ya ujazo uleule. Kiputo cha hewa kikinasa kwenye mkia wa farasi aliyechongwa upande wa pili wa pauni, hesabu inashuka na dhahabu halali inaonekana feki. Dawa yake ni tone la sabuni ya vyombo. Nikalitia. Uzi niliufunga kwenye kijiko, kijiko nikakilaza juu ya vitabu.

Adhana ikalia.

Mjomba alinyoosha mkono bila kutazama, "Bismillahi," akaigugumia gilasi yote. Pauni haina tundu. Uzi hufungwa msalaba, na penye sabuni fundo huteleza. Kilichobaki ni kijiko, kinaning'inia ndevuni.

"Nani kafulia kwenye maji haya?"

Hospitali, picha ikaonyesha duara jeupe pe.

"Kameza shilingi ngapi?"

"Pauni, daktari."

Tukaambiwa tungoje.

Ilipotoka, mama alikuja na limau, majivu na steliwuli. Nikamzuia mlangoni: dhahabu ni laini, ukiisugua mng'ao wa kiwandani unaondoka na inauzwa kwa bei ya kuyeyushwa. Huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni laini, hukaushwa kwa kitambaa cha pamba bila kufikicha, hushikwa ukingoni.

"Itoke huko ilikotoka, halafu isisuguliwe?"

Tukarudia kipimo: 17.7. Mjomba akashusha pumzi, mpaka nilipomwambia kuwa baadhi ya feki zilizotengenezwa Beirut, Lebanon, zilipigwa kwa dhahabu ya kweli ya karati 22, maji hayazikamati. Hapo hukaguliwa herufi, pamoja na zile B.P. ndogo za mchongaji Benedetto Pistrucci karibu na mwaka, kwa lenzi ya mara 10. Na lenzi hiyo huona vizuri pesa ikiwa sentimita 2 na nusu tu mbele yake, yaani chini ya pua kabisa.

"Haya, kagua," akasema mjomba, keshafika mlangoni.